Stika Zilizokaa Darini

Kuna harufu ambayo siwezi kuieleza vizuri kwa mtu ambaye hajaifanya kazi hii. Ni harufu ya gundi kuukuu inapoguswa na maji ya uvuguvugu: kidogo kama uji uliolala, kidogo kama bahasha iliyolambwa, na chini yake kuna kitu kama vumbi la ndani ya kabati. Juzi mwanamume mmoja aliniletea karatasi za stika za gari zenye gundi ya namna hiyo hapa Ruring'u ninapofanyia kazi. Alizikuta kwenye stoo ya marehemu babake, zimefungwa kwa plastiki tangu gari la huyo babake likiwa jipya. Akaniuliza swali ambalo wote huuliza: zimekaa hivi miaka na miaka, bado zinaweza kutumika?

Nilikata pembe moja isiyo na kazi, nikaitia kwenye bakuli la maji, na harufu ikapanda. Nikamwambia arudi kesho. Jibu nilikuwa nalo tayari. Nilitaka tu aondoke, nibaki na ile harufu peke yangu.

Stika za siku hizi ni za plastiki, unabandua, unabandika. Ninazozisema mimi ni za zamani, zile za maji. Picha imechapwa juu ya ngozi nyembamba sana, ngozi imelala juu ya gundi, na gundi imelala juu ya karatasi. Unaizamisha majini, unangoja gundi ilegee, kisha unaisukuma picha kwa kidole kutoka kwenye karatasi mpaka kwenye bati la gari. Ikishakauka pale, imekaa. Ikichanika, imechanika, na duka la kununua nyingine lilishafungwa kabla hujazaliwa.

Baba alikuwa fundi wa rangi katika gereji moja hapa hapa Ruring'u. Sisi tulikaa Tetu, kwenye kipande cha shamba alichopewa na babake, chenye majani chai kidogo na ng'ombe mmoja. Stika zake alizipata kwa muuzaji wa vipuri mjini Nyeri aliyekuwa akifunga duka na kutaka kuzichoma. Zilikuwa za magari ya kale: mistari ya dhahabu yenye kivuli cheusi, maua ya pembeni mwa milango, ngao ndogo za kwenye dashibodi. Alizihifadhi katika mkebe wa biskuti chini ya kitanda, kila karatasi ikitenganishwa na nyingine kwa gazeti, na juu yake ubao wa kuzilaza.

"Gundi haifi," alikuwa akiniambia. "Inalala tu. Ukiiweka mahali pazuri, siku utaiita itaitika."

Mahali pazuri palikuwa na masharti, nami niliyajua kama sala ya Baba Yetu. Pawe pakavu. Pawe na baridi. Pasiwe na jua. Na kitu chenyewe kilale sawasawa, kisikunjwe.

Mama alikufa wakati mdogo wetu, Wairimu, hajaacha kunyonya. Baba akafuata kwa ugonjwa wa kifua, Wairimu akiwa amejua kusema lakini bado akivaa viatu kinyume. Kati yetu alikuwapo Maina, aliyekuwa mtoto wa kunyamaza. Mimi nilikuwa mkubwa wao, na bado nilikuwa shule ya msingi.

Baba alipokufa walisema atakaa mochari mpaka mipango ya mazishi ikamilike. Neno hilo nililijua kwa kulisikia tu. Nilimuuliza Anko Ndirangu, kaka ya mama, aliyekuwa amekuja kutoka upande wa Nanyuki, mahali hapo pakoje. Anko alikuwa mtu mpole, mrefu, mwenye koti lililonuka ng'ombe. Alifikiri kidogo, nadhani akitafuta maneno ya kumpa mtoto.

"Ni chumba cha baridi," akasema. "Hakuna jua. Amelazwa vizuri. Usiogope."

Sikuogopa. Nilitulia, na nikamtafuta Maina nyuma ya nyumba nikamwambia: mahali ni pakavu, pana baridi, hapana jua, na amelala sawasawa. Maina naye alizijua zile sheria. Akauliza, "Nani alijua kumweka hivyo?" Nikamwambia ni watu wa hospitali, wamesomea. Siku zote zile za matanga tulitembea katikati ya watu tukibeba vikombe vya chai bila kulia, na wanawake wakasema hawa watoto wamejikaza kweli, hawa ni watoto wa kanisa.

Siku ya mazishi walifungua jeneza ili watu wapite. Nilifika mbele nikaangalia kwa macho ya kazi, kama baba alivyonifundisha. Ngozi ilikuwa imekauka na kuvutika kwenye pembe za mdomo. Rangi ilikuwa imegeuka ile njano ya karatasi iliyoachwa. Hakuna aliyenieleza lolote, lakini nilijua pale pale kwamba huyu hataitika. Maina alinitazama apate kujua, nami nikatikisa kichwa. Hapo ndipo yeye alipoanza kulia, na watu hawakuelewa kwa nini amengoja mpaka wakati ule.

Kwetu mtoto haji duniani na jina la kuchaguliwa. Binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba, na wa pili jina la mama ya mama, na pamoja na jina hupewa unyanya wote, yaani heshima na nafasi ya nyanya huyo. Mimi niliitwa Nyambura, basi nilikuwa wa upande wa Tetu, na Maina, aliyepewa jina la baba ya baba, vivyo hivyo. Wairimu alikuwa wa upande wa mama. Anko Ndirangu alimwita maitu, yaani mama yangu, na hakuwa akitania. Akimsalimia aliinama na kumpa mkono. Anko alikuwa na wana wa kiume peke yao, kwa hiyo nyumbani kwake hapakuwa na mtu aliyebeba jina la mamake.

Ndiyo maana, watu wa ukoo walipokaa sebuleni baada ya mazishi kusema watoto watakaa wapi, Anko hakusema mengi.

"Nyinyi mko na hawa wawili," akasema. "Mimi nataka mama yangu aje nyumbani."

Baba mkubwa, ndugu ya baba, ambaye shamba lake lilipakana na letu, alisema ni sawa, hata ni vizuri, mdomo mmoja umepungua. Yeye angetuangalia mimi na Maina kutoka ng'ambo ya ua.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na birika. Mtoto haongei kwenye kikao cha wazee, lakini mama alinikabidhi Wairimu kwa mkono wake, na mimi ndiye niliyelala naye tangu siku ile. Nikasema, "Hatuachani."

"Na mtakula nini?" Baba mkubwa akauliza. "Wewe uko na kazi gani, mama?"

"Kuna stika za baba."

Walicheka. Mzee mmoja akasema ati siku hizi gundi ni chakula. Baba mkubwa akauliza, "Na hizo stika zikiisha?"

Nilidhani anauliza swali la kweli. "Zikiisha nitafunika mkebe," nikajibu.

Wakacheka zaidi, isipokuwa Anko. Alikuwa dereva katika ranchi moja nje ya Nanyuki, na mwenye ranchi alikuwa akilifufua pikapu kuukuu la babake. Baba ndiye aliyeahidi kuliwekea mistari na ngao kutoka kwenye ule mkebe, na alikufa kabla ya rangi kukauka. Mwenye gari alikuwa bado anauliza.

"Wacha tuone," Anko akasema, akiniangalia mimi si wao. "Kama hizo vitu bado ni nzima, na zishike kwa gari, utalipwa yeye mwenyewe akiona. Hiyo pesa itawasukuma mpaka chai ikubali kuchumwa tena. Zikishika, maitu atakaa na nyinyi. Zikikataa, nitamchukua na hutaniletea maneno."

"Sitaleta."

"Haya. Mwisho wa mwezi nitakuja."

Nilikimbia chumbani kwa baba. Chini ya kitanda hapakuwa na kitu. Wanawake waliokuja kusafisha nyumba alipolazwa hospitalini walikuwa wametoa kila kitu nje, na mkebe, kwa wema wao, waliuweka mahali walipoona hautashika unyevu: juu ya dari ya jikoni, penye kuni za akiba, moja kwa moja juu ya moto. Ulikuwa umekaa huko muda wote ambao baba alikaa hospitali. Ulikuwa mweusi kwa masizi. Kifuniko kilipofunguka, karatasi zilikuwa zimejikunja kama majani ya mahindi, na dhahabu ilikuwa kahawia.

Nilichagua ua moja lililokuwa limechanika tangu zamani, nikalizamisha kwenye maji. Maina alishika bakuli. Wairimu alikuja mbio kuona, akaingiza kidole.

"Usiguse," nikamwambia.

Ua lilitoka kwenye karatasi vipande vipande, kama ganda la yai. Vilielea vikazunguka. Wairimu alifurahi, akasema ni samaki.

Sikumwambia mtu. Asubuhi sikuvaa sare ya shule. Nilishuka kwa miguu hadi Ruring'u na mkebe kifuani, kwenye gereji ya baba. Fundi Gitonga, aliyekuwa akifanya naye kazi bega kwa bega, alikuwa amelala chini ya gari, miguu tu ndiyo ilionekana.

"Nani huyo ananizibia mwangaza?"

"Ni mimi. Nimeleta stika za baba."

Akatoka, akafuta mikono, akachungulia ndani. "Wee. Hizi mlikuwa mnazipika?" Alikunja uso, kisha akaona uso wangu, akaacha mzaha. "Babako nilimwambia, uza hizi vitu ungali na nafasi. Alikuwa anazilinda kama zimeombewa na pasta."

Nikamweleza ua lilivyovunjika. Alichukua karatasi moja, akaikunja kidogo karibu na sikio, akasikiliza.

"Kilichozeeka ni ngozi," akasema. "Gundi iko. Ngozi haiwezi kujishika tena, ndio inavunjika. Sasa si uipatie ngozi ingine juu? Pigia vanishi nyepesi kabisa, mara moja tu, uache ikauke vizuri. Halafu maji yawe moto kidogo kuliko kawaida, na usiwe na haraka. Hii njano, weka kwa dirisha jua liinyonye. Kama kuna jua huko kwenu."

"Baba alikataza jua."

"Alikataza kwa kitu kizima, mama. Hii ni mgonjwa."

Akanimiminia vanishi kwenye chupa ya soda, akaiziba kwa karatasi ya nailoni.

Jua halikuwapo. Ulikuwa ule wakati wa ukungu ambapo Tetu yote hukaa ndani ya wingu, majani chai yanadondosha maji mchana kutwa, na nguo zikianikwa zinarudi ndani na harufu ya mbwa. Nilizibana karatasi kwenye kioo cha dirisha kwa vijiti na kungoja. Likichomoza kidogo adhuhuri, Maina aliita, nasi tulizihamisha kutoka dirisha moja hadi jingine tukilifuata. Chumba kilinuka vanishi. Wairimu alikohoa kwa harufu ile, nikamhamishia kulala kwa Maina. Alitaka kushika zile picha. Usiguse. Alitaka nimbebe. Ngoja, mikono yangu ina vanishi. Alitaka kuimba karibu na dirisha, nikamtoa nje asirushie mate. Nakumbuka alikaa kwenye ngazi ya mlango akiwa na sweta ya baba, akiimbia kuku.

Siku niliyolijaribu ua la pili, niliweka maji, nikahesabu kimoyomoyo, nikapitwa na hesabu, nikaanza upya. Kisha nikaligusa kwa ncha ya kidole. Liliteleza. Lote, zima, na dhahabu ilikuwa imerudi kuwa dhahabu. Nililisukuma kwenye sufuria la chai na likakaa hapo. Maina alicheka kwa sauti, na nilikuwa nimesahau sauti hiyo. Tulimnyanyua Wairimu tukamwonyesha, tukamwambia, "Umeona? Huendi mahali." Aliuliza kama sasa anaweza kugusa.

Anko alikuja alivyosema. Aliliangalia ua kwenye sufuria, akalikwaruza kwa ukucha, likakataa kutoka. "Umefanya," akasema. Alisema twende na Wairimu pia, Anti, mkewe, apate kumwona tu. Maina alibaki na ng'ombe.

Nanyuki kulikuwa kweupe. Baada ya ukungu wetu macho yaliuma. Upepo mkavu, vumbi, mlima umesimama wazi na barafu yake kama kitu kilichowekwa asubuhi hiyo. Nyumba ya Anko ilikuwa ndani ya ranchi, ya mawe, na sakafu iliyopakwa rangi nyekundu. Anti alimtoa Wairimu mgongoni mwangu kabla sijaketi. Aliona vidole vyake vya miguu vilivyochanika kwa baridi, akaleta beseni la maji moto na mafuta.

Kazi ilikuwa kwenye banda la magari. Pikapu lilikuwa la kijani, taa zake za mviringo, rangi mpya iking'aa mpaka nikaogopa kulisogelea. Mwenye gari, mzee wa Kizungu aliyezungumza Kiswahili cha wachunga ng'ombe, alinitazama juu mpaka chini, akamtazama Anko, akaenda kusimama mlangoni akiwa amekunja mikono. Nilianza na ngao ya dashibodi. Stika ikishalowa huwezi kuiacha. Huwezi kujikuna, huwezi kuinua macho. Nilipiga magoti siku ile yote, na iliyofuata, nikiusukuma mstari mrefu wa mlangoni kidogo kidogo, nikikamua maji kutoka katikati kwenda nje kwa kitambaa. Niliporudi nyumbani jioni Wairimu alikuwa amelala tayari, kitandani peke yake, chini ya blanketi yenye maua, mdomo wake mweupe kwa maziwa. Sikutaka kumwamsha. Asubuhi niliondoka hajaamka.

Mstari wa mwisho ulipokaa, mwenye gari alikuja akapitisha kiganja juu yake bila kugusa. Akasema baba yake angelitambua. Alilipa, na kwa Anko akaongeza gunia la mahindi. Nilitoka bandani miguu ikiwa imekufa ganzi, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nilihisi njaa ya kawaida, njaa ya mtu tu.

Anko alikuwa mtu wa neno. Jioni hiyo alisema mbele ya Anti na wanawe, "Nyambura ameshinda. Nilisema zikishika, na zimeshika. Nimetosheka."

Kisha akavua kofia. Akachuchumaa mbele ya Wairimu, aliyekuwa sakafuni akimlisha paka. Sikuelewa anafanya nini. Sasa ninaelewa: unaweza kupatana na watu wengine wote kuhusu mama yako, lakini hujamaliza mpaka umuulize mwenyewe.

"Maitu," akasema. "Kesho Nyambura anaenda nyumbani. Wewe unataka kukaa wapi?"

Nilitabasamu. Nilikuwa hata nimeshafunga nguo zake kwenye leso. Katika wiki zote zile za dirisha na vanishi, mimi na Maina tulikuwa tumezungumza juu yake kila siku, na haikutupitia akilini kwamba hilo lilikuwa swali ambalo yeye angeweza kulijibu.

Wairimu aliangalia paka, akamwangalia Anti, akaniangalia mimi.

"Hapa," akasema. Halafu, kwa sababu hakuwa mtoto mchoyo, "Nyambura, na wewe kaa."

Anti alifunika mdomo. Anko alibaki amechuchumaa. Alisema kwa sauti ya chini kwamba ni mtoto, labda hajaelewa, kwamba yeye amenipa neno lake na nikitaka nimchukue, nimchukue, hatanizuia. Nadhani kweli asingenizuia.

Lakini mimi nisingeweza kukaa. Maina alikuwa peke yake na ng'ombe, na nyumba ya Tetu ikikosa mtu ingekuwa ya Baba mkubwa kabla ya mvua. Na nilikuwa nimeona vile vidole vya miguu. Vidonda vyake vilikuwa vimeanza kufunga.

Nikafungua leso. Nikampa Anti nguo moja moja, nikamwambia ipi inabana shingo na ipi anaipenda. Nikamwambia hali ugali ulioshikana na sufuria, na kwamba akilia usingizini asimwamshe, amgeuze tu upande mwingine.

Sikurudi shuleni. Siku zilizofuata nilienda kwa Fundi Gitonga, akanipa msasa na mlango wa gari, na niko huko hadi leo. Wairimu amesoma, ameolewa Nanyuki. Yeye humwita Anti mama, na mimi tukikutana ananipa mkono kwa adabu, kama mtu anayejua kwamba anapaswa kukumbuka jambo. Simlaumu. Stika zenyewe zilikuwa nzima. Hilo ndilo jibu ninalowapa watu wanaoniuliza, na ni la kweli: hata zikikaa vibaya, zinaweza kufufuliwa, ukiwa na subira na usipoinua macho.

Siku ile ya kurudi nilifika Tetu kukiwa bado na mwanga kidogo, ukungu umeshuka mpaka kwenye ua. Maina alikuwa amesimama barabarani. Lazima alikuwa amesimama pale kitambo, kwa maana nywele zake zilikuwa na umande.

"Zilishika?" akauliza.

"Zilishika zote."

Akatabasamu. Kisha akachungulia nyuma yangu, kwenye ukungu, akangoja, kama mtu anayejua kwamba mwenye miguu mifupi hutembea polepole.